Usishuke, Kitako Kina Ufa

Muaither, Ijumaa alasiri

Mwaitu Mumbua, binti yangu,

Kama umenitii, na sijawahi kukuona ukinitii lakini leo najaribu bahati yangu, unasoma haya ukiwa umefunga mkanda na mlango wa ndege umefungwa. Kama bado umekaa pale kwenye viti vya kungojea, rudisha karatasi kwenye bahasha sasa hivi, mtundu wewe. Salamu nimeziruka, maana tutakuwa tumesalimiana uwanjani mpaka walinzi watuchoke.

Umeketi? Haya. Kile kitako ulichochonga cha bunduki ya Bu Nasser kina ufa. Uko kwenye shingo, upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapolala. Nimeugundua. Usishuke.

Najua ulivyo. Ulimwambia mzee wa watu mbele yangu, mkono kifuani kama mtu mzima, kwamba hutaondoka Doha kabla bunduki ya marehemu baba yake haijapata kitako kipya. Ningekuambia ukiwa bado nyumbani, ungefungua lile sanduku ambalo mama yako amelifunga kwa kulikalia, ungetoa masweta yote, na yule mama fundi wa Italia unayekwenda kujifunza kwake angekungoja mpaka achoke, ampe nafasi yako kijana wa jirani yake. Kwa hiyo nimekunyamazia makusudi, nikuambie sasa ukiwa huna pa kwenda ila mbele. Nikasirikie ukitaka. Mkifika juu ya mawingu nitukane kwa Kikamba, wenye viti vya kando hawatajua.

Mambo ya kula, kuvaa, kusali na kuwakwepa wanaume amekuandikia mama yako, nimeona kurasa, hata Nabii Musa na zile mbao zake za amri hakuandikiwa mengi hivyo. Mimi sina cha kuongeza. Saa hii nyinyi wawili mko kanisani Mesaimeer mnaombewa safari. Mimi nimesingizia mgongo. Mgongo hauna neno. Nimekuja hapa karakanani nyuma ya majlisi ya Bu Nasser, baraza lake la wageni, naandika juu ya meza yetu ya kazi, na vumbi la mbao linaingia kwenye wino. Mwandiko ukiupata mbaya usilaumu vumbi, nililiacha darasa la sita kabla darasa la sita halijaniacha.

Nataka kukueleza ufa ule ulitoka wapi. Wewe unafikiri umetoka kwako. Huo ni ufa wangu, umeurithi kama ulivyorithi haya masikio.

Unajua sisi watu wa Wamunyu tunavyochonga. Babu yako alikuwa akikata mti asubuhi, jioni ni twiga. Mti mbichi ni laini, tezo inaingia kama kwenye ndizi, na mnunuzi yuko njiani. Twiga akikauka anapasuka, lazima apasuke, na hakuna anayelia. Unachukua vumbi la mbao yenyewe, unachanganya na gundi, unashindilia kwenye ufa, unapiga msasa, unapaka rangi ya viatu, unasugua na kitambaa mpaka twiga ang'ae kuliko kiatu cha chifu. Mzungu anambeba mpaka kwao. Huo si wizi, mwaitu. Twiga yule atasimama juu ya kabati maisha yake yote bila kufanya kazi yoyote. Ana haki ya kuwa na ufa.

Basi nikaja Doha mwaka ule wa Michezo ya Asia, dereva wa nyumba ya Bu Nasser, nawapeleka wajukuu shule, naleta mboga, nangojea. Kazi ya dereva wa nyumba ni kungojea, gari ni la kukalia tu. Nikawa nachukua mbao za paleti zilizotupwa kando ya majengo, nachonga twiga nikiwa nimeegemea mlango. Mzee akaniona. Siku hizo ndevu zake zilikuwa bado na weusi. Akamgeuza yule twiga, akamtazama chini ya tumbo, akasema, maana Musyoka lilimshinda ulimi akaniita Musa tangu siku ya kwanza:

"Musa, huyu ni ngamia mgonjwa?"

"Ni twiga, Baba."

"Mikono yako ni mizuri. Macho yako yana haraka."

Mimi nikasikia la kwanza tu. La pili likapita kama gari la watu wengine.

Akaniletea bunduki ya upepo ya mjukuu wake, ile ya kupigia makopo, kitako kimevunjika. Akaniambia nitengeneze kingine nikipenda, si kazi, ni kujifurahisha. Yeye mwenyewe tangu astaafu anafanya hivyo, ananunua bunduki za zamani za kuwindia, za watu waliokufa, zenye karatasi zote za serikali, anazifufua pole pole. Chuma chake, mbao zake, kahawa yake. Nikasema kichwani, kitako? Mimi nimechonga pembe za swala zinazopita kwenye tundu la sindano, kitako kitanishinda?

Ule mkunazi wa uani ulikuwa umevunjwa tawi na upepo. Mbichi kabisa, unatoa maji. Nikashukuru Mungu. Nikakichonga kwa jicho, bila kupima, nikakiingiza chuma kwa kukigonga na nyundo pale kilipokataa. Kikapasuka shingoni kabla hata sijamaliza. Nikafanya nilivyofundishwa. Vumbi, gundi, msasa, rangi ya viatu ya kahawia. Kikang'aa! Nikampelekea mzee nikiwa nimenyoosha shingo kama huyo twiga.

Akaenda nacho kambini jangwani wakati wa baridi, na wageni wake. Jambo ambalo sikuwa nalijua ni kwamba bunduki ya upepo ya namna ile ina springi ndani inayorudi nyuma kwa nguvu. Twiga wa mbao hapigi teke. Bunduki hupiga teke, hata ya mtoto. Mzee akalenga kopo mbele ya shemeji zake. Risasi ndogo ikaenda Saudia. Shingo ikakatika mkononi mwake, na kwa kuwa jua la mchana jangwani halijui baridi, rangi ya viatu ikayeyuka ikamshika shavu, ndevu na kanzu yake nyeupe mpaka kiunoni.

Niliona lile gari likiingia uani. Akashuka, shavu moja la kahawia. Nikaanza kukunja nguo zangu kichwani. Akaja mpaka mbele yangu, akanipa vipande viwili, mkono huu kimoja, mkono huu kimoja.

"Musa. Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Lingekuwa jicho langu?"

Nikaviunganisha vile vipande, vikakataa.

Nilingoja aseme khalas, imetosha, panda ndege. Badala yake akafungua mlango wa hapa karakanani, akanionyesha kigoda. Akasema, "Kwa kuniangusha, ungefukuzwa. Kwa kusema ulijua, kaa chini." Ndivyo nilivyoanza kujifunza bunduki, na nilikuwa mzee kuliko wanafunzi wote duniani.

Na kitu cha kwanza alichonifundisha si kukata. Alinipa gogo la mti wa jozi lililotoka Uturuki, akanipa nta ya moto, akaniambia nipake ncha zote mbili za gogo, nikaliweke rafuni. Nikauliza, kisha? Akasema, kisha tunakunywa kahawa. Mpaka lini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mama yake. Mti unavuta pumzi kwa kupitia ncha zake, mwaitu, ukiziacha wazi unakauka mbio, unapasuka. Ukiziba kwa nta unakauka kwa upole. Hapa Doha ndiyo kabisa. Ndani ya nyumba kiyoyozi kinaufyonza mti kama mtoto anavyofyonza barafu, ukitoka nje mwezi wa nane hewa imelowa kama taulo. Mti usio na subira hauishi hapa. Hata watu wasio nayo, niliwaona wakirudi makwao.

La pili lilikuwa wanja. Hili nakukumbusha kwa sababu ya mama yako. Unakumbuka tunavyopaka chuma wanja uliochanganywa na mafuta, tunakilaza ndani ya mbao, tunakitoa, tunatazama palipokuwa peusi. Pale peusi ndipo mbao inagusa chuma zaidi ya inavyotakiwa. Unakwangua kidogo, kama unamkuna mtoto mchanga. Unapaka tena, unalaza tena. Siku nzima kukwangua unene wa karatasi. Mpaka weusi uenee sawasawa pote, hapo chuma kimelala nyumbani kwake. Mimi mwenye tezo ya Wamunyu, mtu wa jioni ni twiga, nilikuwa nikilia machozi ya hasira.

Basi mama yako akapata kazi ya unesi hapa, mkaja nyote wawili, wewe na meno ya mbele hayapo. Wiki ya kwanza tu ananifulia shati. Kola ina wanja. Mkono wa shati una wanja. Akaniketisha.

"Musyoka, ana jina?"

"Nani?"

"Huyo mwenye macho."

Nikamwambia ni bunduki. Alicheka? Hakucheka. Alisema mwanamume anayekosa uongo wa maana asithubutu kuoa. Ikabidi nimlete hapa, Bu Nasser mwenyewe asimame mlangoni akiwa ameshika kichupa cha wanja, mzee wa heshima zake, aape wallah kwamba ni wa bunduki. Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya gauni la mama yako. Ulitoa kichwa ukamtazama twiga wangu wa kwanza, yule ambaye mzee alimweka rafuni kwa dharau, ukasema, "Baba, huyu ana kitambi." Bu Nasser alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akakalia meza. Tangu siku hiyo ulikuwa na kigoda chako.

Mama yako hakuwahi kukubali, na sitaki uende huko ukidhani alikuwa na makosa. Siku ulipomwambia shuleni wameuliza unataka kuwa nani, na wewe umejibu fundi wa vitako vya bunduki, aliiacha chai yake ikapoa. Kwanza lile neno. Nesi mzima, mwimbaji wa kwaya, aende Mesaimeer aseme binti yangu anasomea vitako? Hilo tulilicheka baadaye. Lakini kuna alilosema ambalo hatukulicheka. Alisema, "Mimi kutwa nashona watu. Nyinyi mnatengeneza cha kuwatoboa." Mimi nikajitia kujibu, ooh, ni za kuwindia, ooh, ni za kulengea makopo, ooh, zinalala kwenye kabati la chuma. Akaenda kazini kushona. Na ni kweli, ukimaliza kitako vizuri, bunduki iko tayari kwenda popote, na haikuulizi wewe fundi.

Nililibeba hilo neno mpaka kwa Bu Nasser. Nikamuuliza yeye anafanyaje. Hakunihubiria. Wiki hiyo hiyo alikuja mtu, utakumbuka, yule wa gari jeupe lenye vioo vyeusi, ana bunduki imefungwa blanketi. Hakuifungua blanketi. Hakuuliza mbao gani. Alipoketi tu aliuliza, "Itakuwa tayari lini?" Mzee akammiminia kahawa. Akammiminia tena. Yule akatikisa kikombe kwamba imetosha. Mzee akasema, "Kahawa ninayo. Karatasi unazo?" Hana. "Basi umekunywa, Mungu akupe njia." Alipoondoka mzee akaniambia, "Musa, mtu anayeanza na lini, usimfanyie kazi. Anayependa bunduki huanza kwa kuishika. Mwenye haraka nayo ana mtu wake kichwani."

Hiyo ndiyo sheria tuliyo nayo hapa, haikuandikwa popote, nakupa uende nayo. Haitamridhisha mama yako. Hainiridhishi mimi siku zote. Lakini ni mlango, unaweza kuufunga. Na ile nyingine unaijua, kwamba kila bunduki ina risasi mpaka uangalie mwenyewe, hata kama aliyekupa ni askofu. Wewe ulikuwa unaikagua hata ile isiyo na mtutu, nikikucheka. Endelea kunichekesha.

Sasa turudi kwenye ufa wako.

Gogo lile ulilolitumia, mzee alikuambia lingoje msimu mmoja zaidi wa baridi. Nilikuwepo. Ulikubali kwa kichwa. Kisha yule mama wa Italia akaja kwenye maonyesho ya wawindaji, akashika kitako chako cha ile bunduki ndogo, akapitisha kidole, akakipitisha tena, akauliza nani kafanya. Mzee akakuelekeza kwa kidevu kama mtu anayeonyesha mali. Yule mama akasema, njoo kwangu, nitakufundisha ambalo hawa wazee wawili hawajui, na wazee wawili tukaudhika kidogo tukafurahi sana. Na wewe ukaahidi: nitakuja, ila nimalize hii ya marehemu kwanza.

Visa ikatoka mapema kuliko mti ulivyokauka. Nilikuona ukikata. Nikajiambia, msichana anajua anachofanya. Kwa kweli nilikuwa na haraka kuliko wewe. Nilikuwa natamani kuwaonyesha watu kwamba kitako cha mwisho kabla ya safari ni cha binti yangu. Jicho langu hili la kulia lenye ukungu nikalisingizia, lile lingine nikaliambia lifumbe.

Juzi ukasema, "Baba, imekamilika. Naweza kwenda." Uliisema haraka mno. Mtoto wangu akimaliza kazi huwa anaisifu siku nzima, anatulisha sifa mpaka tunashiba. Juzi ulikwenda kufua.

Leo asubuhi nikakichukua. Macho yangu hayakuona kitu, na kusema kweli hata macho mazima yasingeona, umeuficha vizuri kuliko mimi, nilijikuta najivuna nikajizaba kofi. Nikakigonga kwa kifundo cha kidole. Sauti nzuri, nzuri, nzuri, ikafika shingoni ikafa. Basi nikakiramba. Ndiyo, nimekiramba, mzee wa kanisa. Mti hunywa mate. Gundi haitaki mate. Ulimi wangu ukapita kwenye mti, mti, mti, kisha pakawa na kamstari kembamba kanakoteleza kama kioo. Nikakaa chini.

Sikukufundisha hilo. Hakuna siku niliyokuambia, Mumbua, njoo nikuonyeshe kuficha ufa. Lakini umekua ukiniona jioni nikiwazibia twiga wa kuuza kwenye bazaa ya kanisa, vumbi, gundi, msasa, huku nakupigia hadithi. Mdomo wangu ulikuwa unakufundisha kungoja na mikono yangu inakufundisha kuziba. Ungefuata kipi? Watoto hawasikilizi, wanatazama. Hilo ndilo kosa langu, nalo si la kusamehewa, ni la kuachwa. Leo nimechukua chupa ya gundi nikaitupa pipani. Twiga wangu wa kuanzia sasa watapasuka mbele ya watu.

Nikaenda kwa Bu Nasser. Alikuwa amekaa majlisi peke yake, kabla ya swala.

Nikasema, "Baba, kitako cha binti kina ufa."

Akaendelea kumimina kahawa. "Shingoni. Kushoto."

"Ulijua?"

"Tangu alipokileta. Nimekigonga."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angebaki." Akanipa kikombe. "Wewe je, mbona hujamwambia?"

"Nikisema, atabaki."

Tukatazamana, mwaitu. Wazee wawili wenye magonjwa yote ya dunia hii, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake siri ile ile. Akaanza kucheka, akakohoa, nikampiga mgongoni, ikawa ni kucheka na kukohoa mpaka dereva mpya akachungulia kuona kama mtu anakufa.

Halafu nikamuuliza lile lililonileta. Nikasema, Baba, uliwaahidi wanao kwamba baridi hii utaibeba bunduki ya babu yao kambini. Wewe si kijana. Akasema ataibeba ile nyingine. Nikasema, na ukifa? Unajua simfichi maneno, wala yeye hanifichi, ukiacha hilo la ufa. Akasema, "Nikifa, Nasser atangoja. Akifa Nasser, mwanawe. Bunduki haizeeki. Ila msichana akikaa hapa kwa ajili yangu, huyo atazeeka."

Basi tumefanya hivi, na usithubutu kutulaumu. Tumekuja hapa mezani, yeye ameshika upande mmoja, mimi msumeno, tukakikata kitako chako shingoni, katikati ya ufa. Ndani ufa ulikuwa umeingia zaidi ya ulivyodhani. Ungekatika siku ya kwanza, kwenye shavu lake, na ile si ya makopo.

Nusu moja iko rafuni hapa, kando ya twiga mwenye kitambi. Nusu nyingine iko ndani ya koti lako, mfuko wa ndani wa kushoto, nimeifunga kitambaa changu cha mkononi. Ulidhani ni nini kinakuchoma ubavuni tangu uwanjani? Walinzi wa huko uendako wakikuuliza sema ni mbao, maana ni mbao. Ukifika kwa yule mama, iweke mezani kwako, ufa ukiwa unakutazama. Usiupake kitu. Akikuuliza ni nini, mwambie kweli yote, uone atafanya nini. Kama ni fundi, atakuonyesha kigoda. Kama si fundi, rudi nyumbani nitamtukana mwenyewe.

Wala usinipigie simu kuniomba msamaha, sitapokea, niko na shughuli. Mama yako amenipangia kutolewa ule ukungu wa jicho, kumbe alijua siku zote, alikuwa anangoja niseme. Katika nyumba hii kila mtu alikuwa anaficha ufa na kila mtu alikuwa ameuona. Usirudi kwa sababu ya jicho langu. Usirudi kwa sababu ya ile bunduki, iko uchi ndani ya kabati lake, imetiwa mafuta, haina baridi. Usirudi mpaka mikono yako iwe imejifunza kungoja kuliko mdomo wangu.

Jambo la mwisho nikuachie usinzie. Tulipomaliza kukata, mzee alitoa gogo jingine la jozi, zuri kuliko lile, ambalo alikuwa amelificha hata mimi nisilijue. Akayeyusha nta yeye mwenyewe. Akapaka ncha moja, akanipa brashi nipake ya pili. Akaliinua akaliweka rafu ya juu kabisa ambako mimi sifiki bila ngazi. Nikasema, hili ni la nani? Akasema la Mumbua.

Na mimi, mwaitu, baada ya miaka yote hii ya kahawa yake, nikafungua mdomo nikauliza, "Litakauka lini?"

Akageuka akanitazama, brashi mkononi.

"Musa," akasema. "Hata wewe?"

Nikafumba mdomo. Kwa hiyo hapo uliko, sikuulizi utarudi lini.

Ni mimi, baba yako,
Musyoka